Regulata ya kuzamia kwa mtu wa Mbeya na Iringa: Scubapro, Apeks, Mares, Cressi au Aqualung, na uinunue kwa nani

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Iringa alinipigia simu. “Kamwene kaka. Nimepata hela ya regulata moja mpya, yangu mwenyewe. Ninunue Scubapro au Apeks?” Nikamwuliza, ikianza kuvuja utaipeleka kwa nani? Akanyamaza kidogo, akasema hilo angeliangalia baadaye. Nikamwambia, mdogo wangu, basi tuanzie huko huko kwenye baadaye.

Tuliongea karibu saa nzima. Tangu siku ile nimeulizwa swali hilo hilo na wengine wawili, mmoja wa Tukuyu na mwingine wa Makambako, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Sisi tunaozamia huku Nyanda za Juu Kusini tuko wachache, hakuna duka la vifaa hivi mjini Mbeya la kuingia na kushika bidhaa kwa mkono, na ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu wa maji tofauti kabisa na yetu.

Kwa asiyejua: ukiwa na jiko la gesi nyumbani unaijua regulata tayari. Presha iliyomo kwenye mtungi ni kubwa kuliko jiko linavyoweza kuihimili, kwa hiyo kuna kidude kinachoishusha. Regulata ya kuzamia ni ndugu yake wa damu. Émile Gagnan, injinia wa kampuni ya Air Liquide ya Ufaransa, alichukua valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyokuwa yakiendeshwa kwa gesi wakati wa vita, na mwaka 1943 yeye na Jacques Cousteau wakaifanya impe hewa mtu aliye chini ya maji. Mpangilio umebaki ule ule. Mtungi una bar 200. Kipande cha mtungini kinashusha hadi bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka; hiyo ndiyo tunayoiita presha ya kati. Hewa inapita kwenye mpira hadi kipande cha mdomoni, nacho kinakupa hewa pale tu unapovuta.

Vipande viwili, mpira mmoja, na uhai wako katikati. Ndiyo maana naliandika jambo hili kwa urefu.

Kwanza maji yetu

Wengi wetu wa Mbeya tunazamia Matema, upande wa miamba kuelekea Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, ambako mbuna, wale samaki wadogo wa rangi, wamejaa kwenye kila ufa wa jiwe. Ziwa Nyasa ni maji baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi, lakini si maji ya baridi. Juu yanakaa nyuzi joto 23 hadi 28, na hata ukishuka mita 30 bado huhitaji suti nene.

Hapo kuna hela ya kuokoa. Kiwango cha Ulaya cha EN 250, ambacho utakikuta kimegongwa kwenye chuma cha regulata, kinapima regulata kwenye maji ya nyuzi 4. Zile ambazo hazikuthibitishwa kwa baridi hiyo zinawekewa alama ya >10°C. Kwenye kurasa za wauzaji wa Ulaya alama hiyo inaonekana kama kasoro, kwa sababu wateja wao wanazamia maji yanayoweza kugandisha regulata ikabaki inamwaga hewa yenyewe. Matema haina barafu, wala Mtera, wala Ziwa Kisiba pale Masoko ambako watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa silaha na fedha zao. Ukiona bei imepanda kwa sababu ya baridi tu, iache hapo.

Tatizo letu sisi ni udongo. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za Kyela na Rungwe zinashusha tope kwenye mito ya Kiwira, Mbaka, Lufirio na Songwe, na yote inamwagikia ncha hii ya kaskazini ya ziwa. Yule kijana wa Iringa hali yake ni ngumu zaidi, maana kazi anazoitiwa ni za bwawa la Mtera: nyavu zilizonasa, injini ya boti iliyodondoka, maji ambayo mkono wako mwenyewe huuoni. Chembe za udongo ndizo zinazotenganisha regulata moja na nyingine kwa watu kama yeye.

Niseme na la mwinuko, kwa kuwa watu wananiuliza kama regulata “ya baharini” itafanya kazi huku juu. Itafanya. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na regulata inajipima kwa presha ya mahali ilipo. Cha kuangalia ni kompyuta yako ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, kama inatambua mwinuko, kwa sababu kuanzia mita 300 mafunzo tayari yanahesabu hiyo ni mbizi ya mwinuko. Na cha kuangalia zaidi ni safari ya kurudi, kwa sababu ukipanda juu mapema, gesi iliyobaki mwilini baada ya mbizi inaweza kukudhuru. Barabara ya Kyela kwenda Mbeya inapanda Tukuyu, inapita Isyonje juu ya mita 2,000, ndipo inashuka mjini. Ushauri wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, kwa anayetaka kupanda ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na ushauri huo unahesabu kwamba hewa ya ndani ya ndege ni sawa na ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Mlima wetu umo humo. Kwa hiyo ukizamia Jumamosi, lala Matema. Naomba mtu asizame asubuhi na jioni awe Isyonje ananunua viazi.

Pistoni au kiwambo

Kipande cha mtungini kipo cha aina mbili. Cha pistoni kina kipande cha chuma kinachopanda na kushuka, springi, na oringi chache, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji. Ukikifungua unashangaa udogo wa vitu vilivyomo. Maji yanaingia hadi kwenye springi, maana yenyewe ndiyo yanayomwambia pistoni uko kina gani. Cha kiwambo kina kipande cha mpira kinachotenganisha maji na mashine ya ndani, na vingine vimefungwa kabisa kwa kiwambo cha pili, ili hata springi isiguswe na maji wala udongo. Vitu vya ndani ni vingi zaidi na kazi ya kukifungua inachukua muda zaidi.

Halafu kuna suala la kusawazishwa. Kipande kisichosawazishwa kinaisikia presha ya mtungi: mtungi ukijaa hewa inakuja nyepesi, ukishuka chini ya bar 50 unaanza kuvuta kwa nguvu kidogo. Kilichosawazishwa hakijali, hewa ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Wauzaji hukueleza kana kwamba kisichosawazishwa ni hatari. Kwa mtu anayezama mita 15 au 18 na anayepanda akiwa bado na bar 50, tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwa anayekwenda mita 30 na zaidi, au anayefanya kazi nzito chini huku akihema sana, tofauti ipo, na hapo nakuomba ulipie kilichosawazishwa.

Chapa zenyewe

Scubapro ni ya Marekani kwa asili, ilianzishwa 1963. Kwetu sisi kuna tatu za kuzungumzia. MK2 EVO pamoja na kipande cha mdomoni cha R195 ni pistoni isiyosawazishwa, nzito mkononi, isiyo na mapambo. Vituo vingi vya kukodisha duniani vimeitumia miaka na miaka kwa sababu inavumilia mikono ya wageni, na ndiyo ninayoitumia mimi. Niseme ukweli wake: mtungi ukikaribia kwisha naisikia kwenye kifua, na nimeizoea kama ishara ya kugeuka. MK25 EVO ni pistoni iliyosawazishwa, inatoa hewa nyingi ajabu, lakini springi yake iko wazi kwa maji, na pamoja na kipande kizuri cha mdomoni bei inazidi mara mbili ya MK2 na R195. Kwenye maji safi ya Mafia ni raha. Kwenye tope la Mtera singeiweka. Ya tatu, MK17 EVO, ni kiwambo kilichofungwa, nayo ndiyo jibu la Scubapro kwa maji machafu.

Apeks wanatengeneza kwao Blackburn, Uingereza, na wamejijengea jina kwenye maji ya baridi na giza. DS4 yao ni kiwambo kilichosawazishwa na kufungwa. Ina tundu moja la presha kubwa na manne ya presha ya kati, yanatosha kabisa kwa mtu wa mtungi mmoja. Ukiifunga na XTX50 mdomoni una regulata ambayo kwenye kipande chake cha mtungini udongo hauoni pa kuingilia. Unalipia pia baridi usiyoihitaji, hilo kweli, ila kilichofungwa dhidi ya barafu kinazuia na tope, kwa hiyo kwa mtu wa Mtera hela hiyo haipotei. Nimewahi kuazima moja siku tatu Matema maji yakiwa ya kahawia. Nilipoisuuza, maji ya ndoo yalichafuka kwa udongo wa nje tu. Regulata yenyewe ilifanya kazi kama siku ya kwanza.

Mares na Cressi wote ni Waitaliano, Mares tangu 1949 na Cressi tangu 1946. Vipande vya mdomoni vya chuma vya Mares, familia ya Abyss, vinapendwa na watu wenye kinywa kinachokauka, kwani chuma kinashika unyevu wa pumzi. Ukitaka cha bei ya chini kwao kuna kile cha 2S, pistoni rahisi. Cressi ndiyo inayonivutia kwa mtu mwenye bajeti finyu: AC2 na kipande cha mdomoni cha XS Compact ni nyepesi, bei yake ni ya kibinadamu, na ndani hakuna cha ajabu kitakachomtisha fundi. Ukiongeza hela unapata MC9, kiwambo kilichosawazishwa, na ipo MC9-SC iliyofungwa.

Aqualung ndio wenye jina la tangu Cousteau. Calypso yao ni pistoni ya kawaida, Titan ni kiwambo kilichosawazishwa. Leg3nd ina kitu ambacho kwa barabara zetu za vumbi nakipenda sana: ukiifungua kutoka kwenye mtungi, mlango wake unajifunga wenyewe, kwa hiyo hata ukisahau kifuniko, maji na vumbi haviingii ndani. Nimeona watu wangapi wakishuka kwenye pikapu na regulata inaning'inia wazi! Jambo moja la kujua kuhusu Aqualung na Apeks ni kwamba ni kundi moja, na kundi hilo limepita kwenye misukosuko ya fedha kabla ya kununuliwa na HEAD, ambao pia ndio wenye Mares. Sisemi hivyo kuwatisha wenye bidhaa zao. Nasema umwulize muuzaji, kabla ya kulipa, vipuri vya modeli hiyo anaagiza wapi sasa hivi.

Hizo tano zote ni nzuri. Nimeshaona kila moja ikifanya kazi vizuri, na hakuna ambayo ningekataa kuivuta ikiwa imehudumiwa ipasavyo. Neno lenyewe ni hilo la mwisho, na linanipeleka kwa muuzaji.

Muuzaji, hapa ndipo pa kukaa

Regulata yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni. Chapa siitaji. Bei nzuri, picha nzuri, ikaja kwenye boksi zuri. Mwaka wa kwanza haikunisumbua hata siku moja. Mwaka wa pili, jioni pale Matema, nikafungua mtungi ufukweni nikasikia kisauti chembamba, sss, kama cha soda inayofunguliwa taratibu. Nikaizamisha kwenye ndoo. Povu dogo dogo lilikuwa linapanda kwenye shingo ya kipande cha mtungini, mfululizo. Nikamwandikia muuzaji nikiomba oringi zake. Akajibu siku ya tatu: modeli hiyo haina kifurushi cha vipuri, nunua mpya.

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi wa haidroliki, mzee mmoja mwenye mikono mizuri, aliyeshika pampu za matrekta maisha yake yote. Akatoa kopo lake la oringi, akapima kwa kaliper, akapata saizi ile ile. Kwa macho hazikutofautiana hata kidogo. Tofauti ilikuwa kwenye ugumu wa mpira. Pale panapokaa presha ya bar 200 panahitaji oringi ngumu, kwa maana iliyo laini inasukumwa taratibu kwenye uwazi wa chuma hadi inakatwa. Ilishika Jumamosi moja. Jumamosi iliyofuata, mtungi ukiwa umesimama mchangani nami niko nafunga mkanda, ikapasuka kwa kishindo, na hewa yote ikamwagika wakina mama wa vyungu wakikimbia. Mzee wa Mwanjelwa hakukosea, mimi ndiye niliyempa kazi isiyo yake. Nilikaa mchangani nikitazama sindano ya geji ikishuka kutoka 200 hadi sifuri, nikihesabu kimya kimya. Ilikuwa kama dakika mbili.

Ndiyo maana siku hizi naanza na fundi, kisha ndipo nauliza chapa.

Kwa mtu wa huku milango iko minne hivi. Wa kwanza ni vituo vya kuzamia vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia. Vingi kazi yake ni kuzamisha watalii, si kuuza, lakini vile vikubwa vina fundi wa kuhudumia regulata zao wenyewe, na fundi huyo ana kifurushi cha vipuri cha chapa wanayotumia. Hapo ndipo siri ilipo: angalia wao wenyewe wanazamisha wageni kwa regulata gani. Kituo chenye regulata thelathini za chapa moja ukutani kina sababu ya kuweka vipuri vyake mwaka mzima. Ukinunua chapa hiyo hiyo, umejipatia karakana. Kutoka Mbeya unaweza kutuma kifurushi kwa basi hadi Dar, au kwa ndege kutoka Songwe, na kwa regulata mimi nalipia ndege.

Wa pili ni Malawi, na watu wa Mbeya wanausahau. Ukivuka Kasumulu, ukapita Karonga na Mzuzu, ukashuka Nkhata Bay, umesafiri kama nusu ya njia ya Dar. Pale kuna watu wanaozamia ziwa letu hili hili kila siku, na Cape Maclear mbele zaidi vile vile. Faida yao ni kwamba wanayajua maji haya: wakikuambia kitu fulani kinajaa mchanga, wameona. Kasoro ni mpaka. Beba risiti na andika namba ya regulata yako kabla ya kuvuka, usije ukaulizwa unaporudi nayo kama ni mzigo mpya.

Wa tatu ni Afrika Kusini, ambako wauzaji rasmi wako wengi na mafundi wamesomea. Ukipata ndugu anayekuja, sawa. Ukiagiza kwa kampuni ya vifurushi, hesabu usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18, halafu ujiulize kama utairudisha huko kila inapohitaji huduma. Wengi hawarudishi. Wanaiacha miaka minne.

Wa nne ni maduka ya mtandaoni ya Ulaya. Bei zao ni za chini kuliko zote, nami nakiri hivyo. Lakini soma dhamana. Chapa nyingi zinatambua dhamana pale tu uliponunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na ofa za vipuri vya bure, pale zinapokuwepo, zinadai kumbukumbu ya huduma isiyokatika. Usipomwona fundi wa chapa hiyo kwa wakati, ofa imekufa, na ile bei uliyoiokoa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Ukishampata muuzaji, mwulize mambo machache na usikilize anavyojibu zaidi ya anachojibu. Nani ataifungua hii, kwa jina? Amesomea chapa hii? Kifurushi cha vipuri cha modeli hii kipo rafuni leo, nikione? Baada ya huduma utaniandikia presha ya kati ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada? Swali hilo la mwisho ndilo mtihani. Fundi wa kweli anafurahi kuulizwa hivyo, anakutolea daftari. Mwuzaji mmoja nilipomwuliza alicheka akasema regulata zake hazina matatizo. Nikaaga kwa heshima nikaondoka.

Kuhusu muda: Scubapro na Apeks wanataka regulata ikaguliwe kila mwaka na ifunguliwe yote kila baada ya miaka miwili au mbizi 100, chochote kitakachotangulia. Weka daftari.

Iliyotumika

Mbeya na Iringa wanapita wageni wengi wa miradi, na mkataba ukiisha wanauza vitu. Mara moja moja kuna regulata humo, na bei inaweza kuwa nzuri kweli. Sikukatazi. Ila fanya hivi, tena mbele yake.

Tazama kwanza pale inapoingilia mtungi. Kuna kichujio kidogo cha chuma, cha mviringo, chenye rangi ya kijivu inayong'aa. Niliwahi kuletewa regulata mezani kwangu, nje imepolishwa inamelemeta. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kichujio kilikuwa cha kijani, kijani kile cha sarafu ya zamani, na ukucha ukikigusa kinatoa unga. Kijani kinasema maji yaliingia ndani, mtu alisahau kifuniko wakati wa kusuuza. Kikiwa cha kahawia, ni kutu ya mtungi wa chuma. Vyote viwili maana yake ni kufungua yote na kulipia vipuri vyote, kwa hiyo bei ishuke kiasi hicho au muachane.

Pili, geji ya presha ya kati. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachochomekwa kwenye mpira wa kujazia hewa jaketi la kuelea, na kila kikundi kinapaswa kuwa na kimoja. Fungua mtungi. Sindano inatakiwa iruke hadi kama 9 na nusu, isimame hapo kama msumari. Bonyeza kitufe cha kipande cha mdomoni mara kadhaa, inashuka na kurudi pale pale. Ikirudi 9 na nusu, halafu 10, halafu baada ya dakika iko 11 na bado inapanda, kiti cha valvu kimekwisha, na punde kipande cha mdomoni kitaanza kumwaga hewa chenyewe.

Tatu, kunja mipira yote na uangalie mizizi yake pale inapoingia kwenye chuma. Mpira wenye nyufa unabadilishwa bila mjadala. Ile iliyosukwa nje kwa nyuzi inapendeza na ni myepesi, ila utando wake wa ndani unaweza kuchakaa bila nje kuonyesha chochote, kwa hiyo kwenye iliyotumika naitoa moja kwa moja.

Nne, namba ya regulata. Mpigie au mwandikie fundi unayemkusudia, umtajie modeli, umwulize kama vipuri bado vinatengenezwa. Akisema hapana, mrudishie mwenyewe kwa shukrani.

Nusura nisahau: DIN au yoki, yaani namna regulata inavyofungwa kwenye mtungi. Ya yoki inabana valvu kwa skrubu kubwa, ya DIN inajisokota ndani ya valvu na oringi inakaa imefunikwa. Mitungi ya kukodi pwani mingi inapokea yoki. Nunua DIN na adapta yake ya yoki, utafunga popote.

Tulikofikia na kijana wa Iringa

Tulimpangia hivi. Kwa Mtera, pistoni iliyo wazi tukaiweka pembeni, hata kama ni MK25. Tukabaki na DS4 ya Apeks, MK17 ya Scubapro na MC9-SC ya Cressi. Kwa karatasi ningempa DS4, na bado naiona ndiyo nzuri kuliko zote tatu kwa tope. Akapiga simu vituo vitatu vya pwani, akauliza yale maswali yangu. Kimoja hakikujibu. Cha pili kilikuwa na vipuri vya Apeks ila fundi wake anakuja msimu wa wageni tu. Cha tatu kilikuwa na fundi wa Scubapro anayekaa hapo mwaka mzima, akamtumia picha ya kifurushi cha MK17 kikiwa rafuni na tarehe ya siku ile kwenye karatasi. Akanunua MK17 yenye DIN, kipande cha akiba cha mdomoni cha chapa hiyo hiyo, na geji ya presha ya kati.

Angekuwa mtu wa Matema tu, mita 15, mara mbili kwa mwezi kiangazi, ningemwambia MK2 EVO na R195, au AC2 na XS Compact kama hela imebana, na hela iliyobaki aiweke kwa ajili ya huduma ya kwanza.

Yangu inafikisha miaka miwili mwezi wa tatu, wakati maji ya Matema yakiwa ya kahawia na hakuna anayezama. Naituma kwa ndege kutoka Songwe wiki ya kwanza ya Machi. Wenye Scubapro wa Mbeya, Tukuyu na Njombe mnaotaka tupeleke pamoja tugawane nauli, nileteeni zikiwa zimesuuzwa, zimekauka kabisa, kifuniko kimefungwa, na karatasi yenye modeli, namba, na idadi ya mbizi tangu huduma ya mwisho.